Tundu lenye Umbo la Samaki

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai, na mchwa wamekula kona yake moja. Ni shabaha ya mazoezi, duara jeusi katikati ya karatasi nyeupe, na ina matundu saba. Yalipaswa kuwa kumi, lakini risasi tatu hazikugusa karatasi kabisa. Kati ya hayo saba, mawili tu ni ya mviringo. Matano ni marefu, yamepasuka kwa ubavu, na mwanangu wa kwanza alipoyaona akiwa mdogo aliniuliza, "Baba, nani alichora ngege hapa?"

Hakuna aliyechora. Ni alama za risasi zilizofika zimelala ubavu. Kwa sababu ya alama hizo mjomba wangu alinyang'anywa bunduki mbele ya watu, na aliyesababisha nilikuwa mimi.

Nilizaliwa Kahendero, ukingo wa magharibi wa Ziwa George. Mbele yetu maji, nyuma yetu Rwenzori, na pande zote wanyama. Mwaka 1952 ilipotangazwa hifadhi ya Kazinga, ambayo miaka miwili baadaye ilipewa jina la Malkia Elizabeth, vijiji vya wavuvi kama chetu vilibaki katikati ya mbuga. Ziwa lenyewe halina kina kikubwa, kwa wastani halifiki mita tatu, na viboko walilipenda kuliko sisi. Jioni walipanda nchi kavu kula majani, na mama alikuwa akituingiza ndani kabla giza halijashika. Wavuvi waliopinduliwa mitumbwi tuliwajua kwa majina.

Nyumbani tulisema Lhukonzo. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko la Mpondwe, kule Bwera, ambako Wakongomani walivuka na bidhaa zao. Kilikuwa pia lugha ya wachimba shaba wa Kilembe waliotoka kila upande, na kilikuwa lugha ya bunduki. Mjomba, kaka wa mama, alikipata jeshini. Alikuwa KAR (King's African Rifles), batalioni ya nne, ile ya Uganda, na mwaka 1944 alikuwa Burma, katika bonde la Kabaw. Habari za huko alizisema kwa uchache: mvua, matope, ruba. Ila akishika bunduki ya .303, hata ya mtu mwingine, mikono yake iliongea yenyewe. Aliifungua, akachungulia mtutu, akaifunga, akairudisha bila neno.

Aliporudi alipata kazi ya uaskari wa wanyamapori. Miaka ile mtu mwenye shabaha alikuwa na heshima ya pekee kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 majani ya ukingoni yalikuwa yamelika mpaka udongo, na hifadhi ikaanza kupunguza viboko kwa bunduki. Waliuawa kwa maelfu katika miaka iliyofuata. Kule Mweya, kuanzia 1961, wataalamu wa kituo cha Nuffield chini ya Richard Laws walipima mizoga na kuandika. Sisi tulijua nyama na tulijua wapigaji. Kiboko aliyejeruhiwa na kurudi majini ni balaa la kijiji kizima, kwa hiyo mpigaji asiyekosa alikuwa mlinzi wa watoto wa watu.

Mwaka 1964, nikiwa na miaka 19, niliandikwa kazi ya kutunza ghala la silaha katika kituo kimoja cha askari wa wanyamapori karibu na ziwa, kilekile alichokuwa mjomba. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane na hesabu zangu zilikuwa safi. Ilikuwa miaka ya mapambano ya Rwenzururu, watu wetu wa milimani wakitaka kujitawala, na risasi moja ikipotea daftarini watu walihojiwa usiku kucha. Basi nilihesabu. Nilihesabu asubuhi, nikahesabu jioni. Ghalani kulikuwa na bunduki za .303 nyingi, za zamani, na moja kubwa ya .375 kwa ajili ya tembo na viboko. Idadi ya risasi niliijua hata ukiniamsha usingizini. Maandishi yaliyo kwenye kitako cha ganda sikuwahi kuyatafakari.

Siku ya mtihani wa shabaha ilikuwa moja kwa mwaka. Kila askari alipewa risasi kumi, yadi 100, amelala kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilifungua sanduku ambalo halijawahi kuguswa. Risasi zake zilikuwa ziking'aa kama pete. Zile za kila siku zilikuwa zimefifia, nyingine na madoa ya kijani. Kwenye kitako cha zile za kila siku paliandikwa VII. Hizi mpya ziliandikwa VIII, na herufi Z pembeni. Nikawaza kama kijana: nane ni zaidi ya saba, kwa hiyo hizi ni bora. Nikahesabu kumi zilizong'aa nikaziweka kando kwa ajili ya mjomba wangu. Wengine niliwapa za kawaida.

Sikumwambia. Nilitaka awashinde wote na asijue kwa nini.

Asubuhi alilala chini, akavuta pumzi, akapiga. Tuliokuwa nyuma yake tulijua kwa mlio tu kwamba kuna kitu. Risasi yenye afya hupita na kishindo kimoja mkato. Hizi zilivuma, zikipiga kelele kama nyuki aliyeumizwa. Karatasi ilipoletwa, mkubwa wa kituo aliitazama, akamtazama mjomba, akaandika daftarini maneno mawili: "Macho yamekwisha." Bunduki ikachukuliwa palepale. Mjomba akapewa rungu na zamu ya kulinda lango.

Hakubisha. Alipiga saluti, akageuka. Jioni nilimkuta nyumbani anatazama ziwani, amefumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia. Alikuwa anajipima. Mtu aliyevuka Burma alikuwa ameanza kuamini kwamba haoni tena, na mimi nilikaa kimya kwa kuwa nami niliamini hivyo.

Miezi miwili baadaye fundi bunduki alikuja kutoka Kampala kwa treni. Reli ilikuwa imefika Kasese tangu 1956, na yeye alishuka na masanduku mawili ya vifaa. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye kilemba, aliyezaliwa Afrika Mashariki, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kazi yake ilikuwa kukagua kila mtutu. Alipofika kwenye bunduki iliyokuwa ya mjomba aliichungulia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama karatasi za mtihani bado zipo. Zilikuwepo; tulizitunza kwa kufungia misumari. Nikamletea.

Aliiweka mezani, akapitisha kidole juu ya yale matundu marefu.

"Huyu mtu hakukosa," alisema. "Jicho bovu hutawanya matundu, haliyageuzi umbo. Hapa risasi imepita ubavu. Nani alimpa risasi hizi?"

Nilisema ni mimi. Hakunigombeza. Alivuta kiti akaniambia, "Basi keti, kijana. Mtu anayegawa risasi lazima aujue mtutu."

Alichukua fimbo ya kusafishia, akafunga kitambaa kikaze, akaiingiza katika mtutu wa bunduki nzima, isiyolika. Akaniambia niishike fimbo kwa ulegevu, nisiizuie. Akaweka alama ya nta juu ya fimbo, akaanza kuisukuma taratibu. Nilihisi fimbo inazunguka mkononi mwangu kama kitu chenye uhai. Ndani ya mtutu, alieleza, mna mifereji mitano iliyosokotwa kama kamba, na kitambaa kinaifuata kama risasi inavyoifuata. Alama ya nta ilipozunguka mara moja kamili na kurudi juu, alipima fimbo ilivyoingia: inchi 10. Ilizunguka kwenda kushoto, kama ilivyo kawaida ya bunduki hizi za Kiingereza.

"Huo ndio msokoto," alisema. "Mzunguko mmoja kwa inchi 10. Inchi zikipungua msokoto umekaza, zikiongezeka umelegea."

Kisha akanifanya nipige hesabu, maana aliona napenda hesabu. Risasi ya VII hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde. Kila inchi 10 inazunguka mara moja. Nilipomaliza kugawanya nilidhani nimekosea, nikarudia. Jibu lilikuwa mizunguko zaidi ya 2,900 kwa kila sekunde.

Nje watoto walikuwa wanacheza pia. Fundi alinionyesha dirishani. Pia fupi na nene, ukiichapa kidogo inasimama. Pia ndefu na nyembamba inataka mchapo mkali, la sivyo inayumba na kulala. Risasi ni pia iliyolazwa, na hewa ndiyo inayoisukuma puani ili ipinduke. Ikiwa fupi, msokoto mlegevu unatosha. Ikiwa ndefu, lazima msokoto ukaze. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa kule Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo mafundi wanaitumia hata sasa: chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha risasi mara kipenyo hichohicho, kisha gawanya kwa urefu wake. Risasi ya VII ina kipenyo cha inchi 0.311 na urefu wa karibu inchi 1.28. Nilipiga hesabu nikapata inchi 11 na ushei. Mtutu wetu ulikuwa na 10. Ulikuwa umekaza kidogo kuliko inavyohitajika, na hiyo ni akiba njema.

Nikamwuliza swali ambalo kila askari angeuliza. "Kwa hiyo risasi nzito inataka msokoto mkali?"

"Watu wote husema uzito," alijibu. "Husema hivyo kwa sababu uzito ndio ulioandikwa kwenye boksi. Ngoja nikuonyeshe."

Sandukuni mwake alikuwa na risasi kongwe ya .303 ya alama VI, yenye pua ya mviringo kama kidole gumba, uzito wake greni 215. Akaiweka kando ya VII yenye pua kali, greni 174. Tofauti ya greni 41 si ndogo. Lakini aliposimamisha vichwa vyake mezani, urefu wao ulikuwa karibu sawa, inchi moja na robo hivi. Akakibana kichwa cha VII kwenye jiliwa akakikata kwa msumeno mwembamba. Sehemu ya mbele, chini ya ngozi ya shaba, haikuwa madini mazito ya risasi. Ilikuwa aluminiamu, na nyingine, alisema, zilijazwa nyuzi za mti. Walioitengeneza mwaka 1910 waliipunguzia uzito bila kuipunguzia urefu, na ule msokoto wa inchi 10 ukaendelea kufaa.

"Mzani unapima uzito," alisema. "Mtutu unapima urefu. Risasi za umbo moja na madini mamoja, nzito ndiyo ndefu, na hapo ukisema uzito hukosei. Umbo likibadilika, mzani unakudanganya."

Aliendelea kunipa mifano mpaka taa ikawashwa. Bunduki ndogo ya .22, yenye kichwa kifupi cha greni 40, ina msokoto wa inchi 16. Ile .375 yetu, yenye risasi ya greni 300, ina msokoto wa inchi 12, mlegevu kuliko wa .303 ingawa risasi yake ni nzito mno, kwa kuwa ni nene, na unene ukiongezeka pia husimama kwa urahisi. Msokoto ukizidi kidogo, madhara ni madogo, ila risasi yenye kasoro ya kutengenezwa itatupwa pembeni zaidi. Msokoto ukipungua, hakuna jicho wala mkono utakaoisaidia.

Nilimwuliza pia kuhusu mlima, maana askari wengine walitumwa juu Rwenzori na walilalamikia baridi. Alifurahia swali hilo. Hewa ya baridi ni nzito, alisema, nayo huisukuma risasi zaidi. Lakini ukipanda juu hewa hupungua, na kwa Rwenzori upungufu huo unashinda ile baridi. Risasi inayosimama hapa ziwani itasimama kule juu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wamarekani, mwaka 1963, waliibadilisha M16 kutoka msokoto wa inchi 14 hadi 12 kwa sababu ya hewa nzito ya nchi za barafu, na walipokuja kutumia risasi ndefu zaidi wakaukaza hadi inchi 7. Niliposoma nilimkumbuka mzee yule na taa yake.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijajua kosa langu. Kama inchi 10 zinatosha, kwa nini samaki kwenye karatasi?

Akachukua risasi moja inayong'aa, VIII, akakitoa kichwa chake kwa koleo. Tukakipima: greni 175. Greni moja tu zaidi ya VII. Kwa mzani ni mapacha. Alipokigeuza nikaona mkia wake umechongwa, umepunguzwa kama tezi la mtumbwi, ilhali mkia wa VII ni bapa. Risasi hii ilitengenezwa kwa ajili ya bombomu la Vickers, kupiga mbali zaidi ya yadi 4,000, na katika mtutu mzima inazunguka vizuri.

Kisha akaileta bunduki ya mjomba. Baruti ya zamani, kodaiti, ile inayofanana na tambi, huwaka kwa moto mkali, na kwa miaka mingi ilikuwa imeulamba mtutu kuanzia kooni. Akatia pua ya risasi kwenye mdomo wa bunduki nzima: iliingia kidogo ikakwama. Akaitia kwenye mdomo wa bunduki ya mjomba: ilizama karibu mpaka ganda.

"VII ina mkia bapa na madini yake laini ya risasi yameachwa wazi nyuma," alisema. "Moto ukiisukuma inatanuka, inaziba mtutu uliolika, inaishika mifereji. Hii yenye mkia wa mtumbwi haitanuki. Moto unapita ubavuni mwake. Msokoto upo, lakini risasi haiusikii. Inatoka bila kuzunguka."

Basi nilielewa. Bunduki iliyolika kuliko zote kituoni, na risasi isiyoifaa kuliko zote ghalani, nilizikutanisha mimi kwa mkono wangu, kwa upendo, mikononi mwa mtu mmoja.

Usiku uleule nilitembea mpaka kwa mjomba. Alikuwa anashona wavu kwa mwanga wa koroboi, akiuleta karibu na uso kama vipofu wafanyavyo, ingawa hakuwa kipofu. Nilipiga magoti nikamweleza yote, sanduku, namba nane, mkia wa mtumbwi. Aliendelea kushona mpaka akafika mwisho wa fundo.

"Zilivyong'aa," alisema, "nilijua umenichagulia, mpwa wangu. Siku nyingine nisomee kwanza kilichoandikwa kitakoni."

Kisha akauondoa wavu usoni, akauweka mapajani, na akaendelea kushona kwa umbali wa kawaida.

Fundi aliomba mtihani urudiwe kabla hajapanda treni. Bunduki ileile, mtutu uleule uliolika, risasi kumi za VII zenye madoa ya kijani. Zote kumi ziligonga karatasi, zote mviringo, zimeenea kiasi cha sahani ya kulia. Si shabaha ya kujivunia kwa mpigaji kama yeye, lakini kwa mtutu ule hakuna ambaye angefanya zaidi. Mtutu ukaandikiwa kufutwa. Mjomba akapewa bunduki nyingine, akaishika kwa miaka minane mingine, na siku zote alinipa kila risasi niisome kwa sauti kabla ya kuipokea.

Fundi alikuja mara nne zaidi. Agosti 1972 ilipotoka amri ya Waasia kuondoka ndani ya siku 90, tulisikia kwenye redio, na sikumwona tena. Fimbo yake moja ya kusafishia, yenye kovu la nta, aliniachia safari ya mwisho. Bunduki zilizokuja baada ya hapo nilizipima zote kwa fimbo hiyo. AK zilipofika niliona msokoto wa milimita 240 kwa risasi fupi ya greni 123, nikajua kwamba aliyeichora naye alianzia kwenye urefu.

Daftari la mwaka ule sikuruhusiwa kulichana wala kulifuta. Maneno "Macho yamekwisha" yalibaki mbele ya jina la mjomba. Nilichoruhusiwa ni kupiga mstari mmoja juu yake, na kuandika pembeni kwa wino mweusi: "Mtutu umelika. Risasi VIII, mkia mwembamba. Mtoaji: mimi." Nikatia sahihi na tarehe. Kuanzia ukurasa uliofuata nikapiga safu mbili mpya kwa rula, moja ya namba ya bunduki na hali ya mtutu wake, nyingine ya alama ya risasi, na safu ya matokeo nikaihamisha mwisho, ili mkono wa mwandishi uzipite hizo mbili kabla ya kuifikia.